Nyumba Iliyosema Sipo

Kabla ya kidude kipya, kulikuwa na kisanduku cha plastiki kilichopauka, kimebandikwa ukutani kwenye korido ya chini, kati ya chumba cha Bibi na mlango wa jikoni. Kilikuwa na vitufe viwili, cha kupandisha na cha kushusha, na kijidirisha cha tarakimu ambazo nusu zilikuwa zimefifia, nane na tatu hazina tofauti. Hicho ndicho kilichoongoza kiyoyozi cha nyumba nzima. Madam alikuwa amebandika kikaratasi pembeni yake, 22, kwa kalamu nyekundu, akapiga na mstari chini ili mtu asije kusema hakuona.

Mimi niliona. Ila Bibi hakuitaka ishirini na mbili.

Bibi ni mama yake sir. Alizaliwa Unguja, akaletwa Ghuba akiwa mke mdogo, akazaa hapa, akazeekea hapa. Kiarabu alikijua vizuri, lakini uzee ulivyozidi Kiarabu kikawa kinamtoka kidogo kidogo, mwisho akabaki na Kiswahili peke yake. Madam haelewi hata neno. Watoto wao wawili wanajua "shikamoo" na "njoo". Sir anakijua Kiswahili cha kulelewa nacho, yaani cha kula, kulala na kugombezwa. Ndiyo maana wakaagiza mwanamke wa Tanga, nikaja Mirdif, mtaa wa Dubai, kukaa na mtu ambaye ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa hana wa kuzungumza naye. Miguu ilikuwa haimchukui tena. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimsikiliza, na nilimpandishia joto.

"Mwana we, mifupa yaniuma," alikuwa akisema kila asubuhi. "Hii nyumba au barafu?"

Basi gari la madam likishatoka getini, naenda kwenye kisanduku, napandisha mpaka ishirini na sita. Ikifika saa nane na nusu mchana narudisha ishirini na mbili, madam anaporudi na watoto saa tisa anakuta nyumba inamtetemesha kama anavyopenda. Miaka miwili tulikwenda hivyo, na sikuona kama ni dhambi.

Jambo jingine nililoliona la kawaida ni habari ya simu. Simu yangu mchana haikuwa yangu. Nyumba nyingi huku ziko hivyo, wala sikulalamika. Asubuhi naiweka kwenye kikapu kidogo mezani karibu na mlango, pamoja na funguo za gari na miwani ya jua. Madam akitoka anakomba vyote, anatia kwenye pochi lake, jioni ananirudishia. Zamani simu ya mfanyakazi alikuwa akiiacha kwenye droo, lakini dada aliyenitangulia alikuwa akiichokoa yake na kuongea na watu wa kwao, kwa hiyo madam akaona bora atembee nayo. Baadaye ikawa mazoea tu, hata haangalii tena anachokomba. Kukiwa na dharura, niliambiwa nigonge kwa jirani.

Sasa sir ni mtu wa vitu vipya. Alishaleta mashine ya kufagia inayojiendesha, ambayo ilikuwa inakwama chini ya kochi na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuiokoa. Alishaleta taa zinazowaka ukizisemesha, ila ukizisemesha kwa Kiingereza chake, changu hazikukitaka. Kwa hiyo aliposema Jumamosi anakuja fundi kubadilisha kisanduku cha korido, nilijua kazi yangu inaongezeka. Sikujua tu itaongezeka vipi.

Fundi alikuwa mtu wa Mombasa, wa makamo, na fulana yenye nembo ya kampuni mgongoni. Hatukujuana kwa sura bali kwa Bibi, maana alipoingia tu Bibi alipaza sauti kutoka chumbani, "Nani huyo? Mwambie avue viatu!" na yule fundi akajibu papo hapo, "Navua, mama, navua!" Nikacheka mpaka nikajifuta machozi. Ni nadra mgeni kuijibu sauti ile.

Akakibandua kisanduku, ukutani pakabaki mraba mweupe na nyaya zimetoa vichwa. Akaweka kitu cha mviringo, cheusi, cha kioo, ukubwa wake kama kifuniko cha sufuria ya chai. Ukipita karibu kinawaka, kinaonyesha namba moja kubwa katikati, halafu kinazima.

"Hii ni themostati ya kisasa, dadangu," akaniambia. "Hii iko na akili. Wewe hata hufai kuigusa."

"Wala sikuwa na mpango," nikamjibu, nami nilikuwa nao.

Maelezo yenyewe alimpa sir sebuleni, kwa Kiingereza cha haraka, huku mimi niko jikoni naparua samaki. Nilisikia neno moja hapa, moja pale. Halafu sir akaniita nilete simu. Ilikuwa Jumamosi, madam yuko nyumbani, kwa hiyo simu nilikuwa nayo. Nikanawa mikono, nikaipeleka.

"Niandike jina gani?" fundi akauliza.

"Andika Dada," sir akasema.

Fundi akaibonyezabonyeza, akanirudishia. "Haya, sasa na wewe uko ndani," akaniambia. Ndani ya nini, sikuuliza. Madam alikuwa ameshaniita mara ya pili kwa ajili ya samaki.

Jumapili kila mtu alikuwepo nyumbani, kidude kikafanya kazi yake kimyakimya. Sir alishinda anakionea fahari kwenye simu, anashusha, anapandisha, anamwonyesha mkewe.

Jumatatu sir alitoka mapema kama kawaida yake. Saa moja na nusu madam akakomba kikapu, akawasukuma watoto, "yalla, yalla," geti likafungwa. Nikaenda kwenye kidude kumtafutia Bibi ishirini na sita yake. Kikawaka. Nikakigusa, kikanitaka namba nne za siri. Nikasimama pale nimekodoa macho. Sikuwa na namba hata moja.

"Leo tutavumilia baridi, Bibi," nikamwambia. Akasonya.

Lakini baridi haikuja. Kabla hata sijamaliza vyombo vya asubuhi nikahisi kimya fulani, kama jokofu linapokatika mngurumo. Nikaweka kiganja kwenye matundu ya darini. Hakuna upepo. Nilikwenda kuomba joto kidogo nikanyimwa, sasa naletewa joto lote bila kuomba. Nikarudi kwenye kidude, kikawaka, namba imeshafika ishirini na nane.

Bibi mwanzoni alifurahi. "Ee, leo afadhali. Leo wamenikumbuka." Ilipofika saa nne alikuwa ameshavua mtandio, na saa sita shingo yake ilikuwa imelowa. Ilikuwa Septemba, na joto la huku halina habari kwamba Agosti imekwisha. Kufungua dirisha ni kuingiza moto. Nikalowesha kanga nikamtandika kwenye vigae vya mlango wa bafu, ambako sakafu ina ubaridi kidogo, nikakaa naye pale nampepea kwa kifuniko cha boksi la viatu. Nilifikiria kwenda kwa jirani. Lakini kwenda kwa jirani ni kumwacha Bibi chini peke yake, naye alikuwa amenishika.

Saa tisa gari likaingia. Madam hajafika hata mlangoni, nikasikia darini kiyoyozi kinavuta pumzi na kuanza kufanya kazi. Akaingia ndani, joto likampiga usoni.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, madam."

"Umeigusa?"

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Kwa vile kidude kina akili, nilidhani kimeshawaambia habari za ile ishirini na sita. Nikaona heri niseme mwenyewe kuliko kusemewa. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu na Kiarabu changu, kwamba ni kweli, huwa napandisha kidogo asubuhi kwa ajili ya Bibi, narudisha mchana.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

Akakaa kwenye kiti cha korido bila kuvua viatu. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba funguo zake wanazo watu wengine. Nami nikabaki sielewi, maana nimekiri, na nilichokiri hakihusiani na joto lililotuchoma siku hiyo.

Jumanne yakawa yale yale. Madam ametoka, mngurumo umekatika. Siku hiyo nilijaribu kila niwezalo. Nilikipungia mkono. Nilipita mbele yake makusudi, mara tano, mara sita, mara moja nimebeba ndoo ili kione nafanya kazi. Nilikisemesha kwa Kiingereza kama zile taa. Kila nikipita kilikuwa kinawaka, kama mtu anayeinua macho kutoka kwenye gazeti, akakuona, akarudi kwenye gazeti lake. Basi kinaniona, nikasema moyoni. Kama kinaniona, mbona kinatufanyia hivi?

Jioni ile sir aliniita sebuleni. Madam alikuwepo, na dada yake sir pia, aliyekuja kumwona mama yake. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya dirisha. Sir alikuwa na simu mkononi.

"Dada," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Jana umetoka saa moja na nusu. Umerudi saa tisa. Leo tena, umetoka saa moja na nusu, umerudi saa tisa. Ulikwenda wapi?"

Sikuelewa swali. Nilielewa kila neno, ila swali lenyewe sikulielewa.

"Sikwenda popote, sir. Nilikuwa na Bibi."

"Nyumba inasema hukuwepo." Akanigeuzia simu. Kulikuwa na orodha ndogo, jina lake, jina la mkewe, na Dada. Mbele ya Dada paliandikwa kwamba ametoka. "Watu wote wakitoka, inajua nyumba ni tupu, inazima AC. Ndiyo maana kunakuwa joto. Ungekuwepo, isingezima."

"Lakini kinawaka nikipita! Kinaniona!"

Dada yake sir aliichukua ile simu akaisoma. Akatoa macho. "Angalieni saa," akasema kwa Kiarabu, nacho kwa miaka miwili nilikuwa nimekwisha kukishika. "Anatoka dakika ile ile anayotoka mke wako. Anarudi dakika ile ile anayorudi. Anamvizia! Kuna gari linamngoja nje."

"Wallahi, hata mimi simuoni," madam akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli. "Anatokea wapi?"

Waliniuliza tena kama sijawahi kutoka hata kidogo, na mimi, kwa ujinga wa kutaka kusema kweli yote, nikasema nilitoka mpaka getini mara moja kuweka taka. Dada yake sir akapiga makofi. Kila nikifungua mdomo nilikuwa najichimbia.

Aliyenitetea ni Bibi. Alikuwa hafuati Kiarabu chao, lakini makelele aliyafuata, akamuuliza mwanawe mimi nimefanya nini. Sir akamwambia.

"Nani, huyu? Hakwenda pahala huyu. Kutwa yuko hapa ananipepea."

Nikaona sir amelegea. Hata madam, alipotafsiriwa, aliteremsha mabega. Nikataka nimbusu Bibi mikono.

"Yeye na marehemu," Bibi akaongeza. "Wote wawili walikuwa hapa, mmoja kushoto, mmoja kulia."

Marehemu ni mumewe, aliyefariki kabla sijaijua Dubai iko wapi. Ushahidi wangu ukafia hapo hapo.

"Mrudishe kwao," dada yake sir akasema. "Unamwacha mama na mtu kama huyu?"

Sir akanipa mpaka Ijumaa. Nyumba ikisema ni tupu tena, anakata viza, ananipeleka uwanja wa ndege. "Ni rahisi tu," akaniambia, na nadhani alidhani ananihurumia. "Ukikaa na mama, nyumba itakuwa baridi. Ikiwa joto, tutajua."

Niseme kweli, kurudi Tanga sikukuogopa. Watu wanarudi kila siku, wanachekwa wiki moja, yanakwisha. Niliogopa kurudi na jina lile, la mwanamke aliyemwacha mzee wa watu kwenye joto akaenda zake. Kina mama wa kwetu wangelisikia. Mama yangu mwenyewe angelisikia, na angeniuliza kama ni kweli, na mimi ningejibu nini? Kwamba nyumba ilinisingizia?

Jumatano nilianza kujishuku. Si utani. Mtu ukiambiwa na watu watatu wazima kwamba hukuwepo, na kuna maandishi, akili inaanza kukuruka. Nilijiuliza kama ninalala usingizi wa kutembea. Nilikumbuka shangazi yangu mmoja aliyekuwa akianguka na kuzinduka bila kujua, nikahesabu asubuhi yangu kipande kwa kipande: chai ya Bibi, dawa ya Bibi, vyombo, kanga kulowesha. Hakukuwa na pengo. Au pengo haliwezi kuonekana na mwenye nalo? Nikaenda kumuuliza Bibi.

"Bibi, jana nilitoka mimi?"

"Kwani weye nani?" akaniuliza. Siku zake nyingine zilikuwa hivyo.

Nikaamua kazi inishuhudie. Nikateremsha mapazia yote ya chini, nikayafua kwa mikono, nikayaanika uani, na kila baada ya pazia moja narudi kubadilisha kanga ya Bibi. Joto lilikuwa lile lile. Nilikuwa nasikia kichwa kinanigonga, na Bibi midomo imemkauka, nampa maji kwa kijiko. Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo sijawahi kuwa nayo tena. Sikumkasirikia sir wala madam. Nilikikasirikia kile kifuniko cha sufuria. Nilisimama mbele yake, kikawaka, nikakitukana kwa Kisambaa, lugha ya bibi yangu, ambayo siitumii kwa mengine. Thelathini na moja, kikanijibu.

Madam aliporudi aliyaona mapazia. "Kwa nini hukuyapeleka dobi?" akauliza. Sir aliporudi alitazama simu yake, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Ile ilikuwa mbaya kuliko kusemwa.

Alhamisi, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye vigae vya mlango wa bafu, Bibi ameweka kichwa mapajani mwangu, nampepea. Ghafla darini kiyoyozi kikavuta pumzi. Nikashtuka, maana saa tisa ilikuwa mbali. Nikasikia hatua za mtu anayetembea kwa kunyata, kuelekea chumbani kwangu kwanza, halafu jikoni, halafu koridoni. Alikuwa sir. Alikuwa amekuja kunikamata sipo.

Akasimama juu yetu. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaitazama simu yake, akanitazama tena.

"Upo," akasema.

"Nipo, sir."

"Inasema hupo."

"Mimi sijui inachosema."

Akamwita fundi kwa simu, akaweka sauti ya nje. Akaanza kufoka kwa Kiingereza kwamba kitu chake kibovu, kinasema mtu hayupo na mtu yuko mbele yake, anamwona kwa macho. Yule fundi akamwacha amalize.

"Boss, hebu niulize kitu kimoja," akasema. "Hiyo simu ya dada iko hapo kwa nyumba?"

Sir akanigeukia. "Simu yako iko wapi?"

"Anayo madam."

"Anayo vipi?"

"Kwenye pochi lake. Kila siku anaondoka nayo, akirudi ananipa."

Sikujua kwamba nimesema jambo kubwa. Nilidhani anajua. Ni mumewe, na kikapu kiko mlangoni, hatua mbili kutoka anapovulia viatu. Lakini yeye hutoka kabla, hurudi baada, na kumbe miaka miwili hakuwahi kujiuliza simu yangu hulala wapi mchana.

Fundi alisikia, akahamia Kiswahili. "Basi si hapo? Ile inaangalia simu kama imeshika waifai ya nyumba. Simu ikitoka na madam, nyumba inajua dada ametoka. Yule mtu haimjui. Inajua simu."

"Lakini kinawaka nikipita," nikasema kutoka chini, maana bado hilo lilikuwa linanisumbua.

"Inawaka ndiyo usome namba, dadangu. Haikuhesabu."

Sir akakata simu. Akapiga magoti palepale kwenye vigae na suruali yake ya kazini, akashika miguu ya mama yake, iliyokuwa imevimba kwa joto, akaisugua. "Samahani, mama," akasema. "Samahani sana." Mimi nilikuwa nimemshikilia kichwa. Nikangoja kidogo, labda kuna nyingine inakuja upande wangu. Haikuja. Akanyanyuka, akaenda nje kuzungumza na mkewe kwa simu, kwa sauti ya chini.

Jioni madam akanifuata jikoni. Akaitoa simu kwenye pochi, akaiweka juu ya meza. Alikuwa amelia, au alikuwa anataka kulia, sikuweza kujua.

"Mbona hukusema simu ninayo mimi?"

"Madam, mliniuliza mimi nilikuwa wapi," nikamwambia. "Hakuna aliyeniuliza simu ilikuwa wapi."

Nilikuwa nimeongea kwa ukali, na sikujuta. "Khalas," akasema mwisho. "Kuanzia kesho ibaki hapa mezani. Usiitumie. Ila ibaki." Halafu akarekodi ujumbe wa sauti kwa wifi yake, akieleza kilichotokea. Nilisimama pale pale makusudi mpaka akamaliza, nisikie kwa masikio yangu. Alisema kweli yote, hilo nitampa. Wifi yake akamjibu kwa kicheko, kwamba kumbe ndiyo hivyo, subhanallah, mambo ya mashine.

Usiku ule nililala vizuri. Ijumaa nyumba ikawa baridi, na Jumatatu baridi, simu yangu imekaa mezani inaniwakilisha. Sir alimwekea mama yake ishirini na tano mwenyewe, kwa simu, baada ya kumuuliza mara moja tu. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Jumatatu hiyo mchana Bibi aliamka kutoka kwenye usingizi wake mfupi, nami nimekaa palepale kando ya kitanda nakunja nguo zake. Akanitazama muda mrefu.

"Umerudi?" akaniuliza.

"Sikutoka, Bibi. Niko hapa tangu asubuhi."

"Wamesema. Wote wamesema. Waniacha kwenye joto, wenda zako."

Nikacheka, nikadhani ni jambo la kupita. Nikamweleza habari ya simu na pochi na fundi. Kesho yake akaniuliza tena. Kesho kutwa tena, na mara hiyo machozi yalikuwa yanamtoka, ameshika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Kanga iliyolowa alikuwa ameisahau. Kijiko cha maji alikuwa amekisahau, na kifuniko cha boksi, na marehemu kushoto au kulia. Siku alizonitetea zilikuwa zimemtoka zote. Yaliyobaki ni makelele ya sebuleni, watoto wake wakisema kwamba mimi namwacha.

Nilimwambia sir. Sir akaja akamweleza mama yake kwa Kiswahili chake, taratibu, kwamba dada hakutoka, ni makosa ya simu. Bibi akamsikiliza vizuri, akaitikia, "Ee, ee." Alipokwenda tu akanigeukia, "Ulikwenda wapi?" Nikamletea simu yenyewe, nikamwekea mkononi ili aione. Akaipeleka sikioni. "Haisemi kitu," akasema, akanirudishia.

Nilikasirika. Naona haya kusema, lakini nilimkasirikia mzee wa watu. Wote walionisingizia walikuwa wamekwisha kunisafisha, na yeye peke yake, ambaye ndiye niliyemjali, ndiye aliyebaki hajanisamehe kosa ambalo sikulifanya. Kila siku nilimbishia. Kila siku nilimshinda kwa hoja, na kila siku alilia.

Ilikuwa kama wiki ya pili hivi. Nimetoka kumwogesha, nimempaka mafuta, nimemvisha dira lake la maua. Akanitazama na macho yale yale.

"Umerudi?"

Nikaacha chanuo. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikashika mikono yake miwili.

"Nimerudi, Bibi," nikamwambia. "Nilitoka, nikakuacha peke yako kwenye joto. Nilikosa. Nisamehe."

Akatoa mkono mmoja kutoka kwenye mikono yangu, akauweka juu ya kichwa changu.

"Nishakusamehe, mwanangu," akasema. "Sasa kaa."

Nikakaa. Hakuniuliza tena.